Fundi wa Upande wa Kivuli

Kwa miaka kumi na mmoja tulikaa nyumba moja pale Troyeville, Johannesburg, mimi upande wa jua na yeye upande wa kivuli. Katikati yetu palikuwa na korido nyembamba yenye zulia lililokwisha nyuzi. Chumba changu kilitazama kaskazini, na huku kusini mwa dunia jua la kipupwe hupita upande huo, kwa hiyo mwezi wa Juni kitanda changu kilipata jua tangu asubuhi mpaka alasiri. Chumba chake, hatua nne tu kutoka mlango wangu, kilinuka unyevu mwaka mzima. Yeye ndiye aliyetangulia kuingia nyumba ile, angeweza kuchagua. Alisema alichagua cha kivuli kwa sababu rangi ya kitambaa haidanganyi kivulini. Nilidhani ni maringo ya mafundi. Baadaye nikajua kwamba chumba changu ndicho alichouguliamo mkewe, na baada ya kumzika hakuweza tena kulala mle.

Nitamwita Fundi, kama tulivyomwita wote. Sitasimulia alizaliwa lini wala ukoo wake ni upi. Kiswahili chake kilitosha kusema kwamba ametoka Bukavu, na mengine hakupenda kuyazungumza. Nataka kusema alivyokuwa. Nitasema pia nilivyomponza, maana mimi ndiye niliyekuwa mkalimani kati yake na mwanawe wa pekee, Neema, na maneno yaliyowatenganisha yalipita mdomoni mwangu.

Kazi yake ilikuwa Fordsburg, kwenye lile soko la vibanda, ubavuni mwa kibanda changu. Mimi nauza kanga na vitenge, yeye alishona. Alikuwa na cherehani moja nyeusi ya miguu ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, hata kuifuta vumbi. Kabla ya kukata kitambaa alipima, akaandika, kisha akasema, "Tupime tena." Akapima. Halafu tena. Wateja wenye haraka walimchukia. Mara ngapi niliwaona wakitazama saa, wakitoa simu, wakisonya, na yeye amepiga magoti sakafuni na pini mdomoni, anapima urefu wa suruali kwa mara ya tatu kana kwamba mguu ungeweza kurefuka katikati.

Macho yake hayakupumzika. Tukisimama kwenye robot, kama taa za barabarani zinavyoitwa hapa, tukingoja kuvuka, aliwapima watu kwa mbali. "Ule mutu, bega yake ya kushoto imeshuka," ananiambia. "Alibeba mizigo akiwa mutoto." Siku moja alimfuata mwanamke asiyemjua njia nzima mpaka dukani ili kumwambia kwamba pindo la sketi yake limefumuka nyuma. Yule mwanamke alidhani ni kibaka, akapiga yowe. Fundi alisimama mikono juu, sindano na uzi vikining'inia begani, akieleza kwa Kifaransa. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka. Alimsubiri mwanamke atulie, akamshonea pindo pale pale amesimama, kisha akarudi kazini.

Tulitaniana kila siku ya Mungu. Mimi ni mtu wa Tanga, na kwake yeye watu wa pwani hatusemi Kiswahili, tunakiimba. "Munaimba, hamusemi," ananiambia. Mimi namwambia Kiswahili chake kimevunjika mbavu. Ananijibu kwamba chake ndicho kinachofanya kazi, changu kimevaa nguo ya sikukuu. Wakati wa baridi alikuja mlangoni kwangu na glasi ya chai, akakaa kwenye kiti cha plastiki palipoangukia jua. "Mama Salma, weye unapata jua ya bure," anasema. "Mimi nakuya kuiba kidogo." Anakunywa chai yake, anafumba macho, na kwa robo saa uso wake unakunjuka.

Alikuwa mpole kwa watu wa nje. Kwa Neema alikuwa mkavu, na sisemi hivyo kumsengenya marehemu, nasema nilichokiona. Sijawahi kumsikia akimsifu. Mtoto akija na cheti kizuri, baba anauliza mbona hesabu hazikupanda. Lakini sare zake zote za shule alishona mwenyewe, na kila sketi aliiachia pindo la vidole vinne kwa ndani ili ateremshe kila mwaka mtoto anavyorefuka. Neema hakujua kwamba hayo ni mapenzi. Aliona tu kwamba wenzake wana sketi za dukani na yake ina mistari mitatu ya pindo za zamani.

Neema alizaliwa hapa. Kiswahili alikisikia chote, hata matusi, ila alijibu kwa Kiingereza, na akikasirika alihamia Kizulu. Baba yake naye alijua Kiingereza cha kazi: kiuno, kifua, kesho, fupi, ndefu. Kwa hiyo nyumbani baba aliuliza kwa Kiswahili, binti akajibu kwa Kiingereza, na baba akanigeukia. "Amesema nini?" Nusu yake alikuwa ameshaelewa. Alitaka tu kusikia kwa sauti ya mtu mwingine. Mimi kazi ile niliipenda, nakiri. Nilijiona mtu muhimu. Mara nyingine binti akisema jambo kali nililipunguza makali, baba akisema la kukata nililifunga kitambaa, na nyumba ikalala kwa amani. Nilijisifu moyoni kwamba bila mimi wale wawili wangeshararuana.

Mwaka aliomaliza shule, Neema alirudi nyumbani siku moja na plasta kwenye kifundo cha mkono. Siku chache baadaye plasta ikatoka. Alikuwa anaosha vyombo, mikono ya blauzi ameikunja, na baba yake akaona: alama nyeusi iliyochorwa ndani ya ngozi, umbo la tone lenye kichwa kinene na mkia uliopinda, na ndani ya kichwa nukta nyeupe. Ilikuwa nusu ya ile alama ya Wachina ya duara, ambayo hapa utaiona kwenye fulana, kwenye vikombe, kwenye milango ya teksi. Fundi akaja mlangoni kwangu na chai yake.

"Mama Salma, ile alama ya Bachina ya kuzunguka, nyeusi na nyeupe, maana yake nini?"

Ilikuwa wiki ya kukaribia Idi. Nilikuwa nimezama kwenye marobota ya kanga, nakunja na kupanga. Sikuinua hata kichwa.

"Ni wema na ubaya," nikamjibu. "Nyeupe wema, nyeusi ubaya."

Sijui nilitoa wapi. Labda nilisikia kwa vijana, labda nilibuni. Nilimjibu kama unavyomjibu mtu aliyekuuliza saa ngapi. Yeye akashukuru, akaenda.

Jioni ile alituita koridoni, Neema na mimi. Akamshika binti mkono, akaugeuza chini ya taa, akamwuliza kwa nini amejiandika ubaya mwilini. Neema alinitazama mimi kwanza, akadhani nimemtafsiria baba yake kitu vibaya. Kisha akafanya jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. Akajikaza kusema kwa Kiswahili, ili baba yake asikie kutoka kwake mwenyewe.

"Papa, si hivyo. Hii ni nusu. Iko mutu yuko na nusu ingine. Yuko na dot yangu, na mimi niko na dot yake."

Neno lile lilituua. Neema alitaka kusema nukta, hakulijua neno, akaweka la Kiingereza. Baba yake alisikia Kifaransa. Kwao Kongo dot ni mahari. Alichosikia ni kwamba kuna mtu ameshapokea mahari ya binti yake, na binti ameshika ya mtu huyo, na yeye baba mzazi hakuulizwa. Mimi nilisikia la kwetu. Tanga doti ni kanga mbili, jozi, moja unajifunga na moja unajitanda. Nikawaza, tangu lini Neema akavaa kanga? Nikacheka. Fundi akaniona nacheka, akaamini kwamba nilikuwa najua siku zote.

"Umuulize," akaniambia, sauti imeshuka. "Umuulize nani yuko na dot ya mutoto wangu."

Nikamwuliza. Neema akasema, rafiki. Nikatafsiri, rafiki. Sikumwuliza ni wa kike au wa kiume, na Kiswahili chetu hakitofautishi, yeye ni yeye. Fundi akasema maneno ambayo hayakuhitaji mkalimani, kwa sababu Neema alikisikia Kiswahili chote.

"Mutoto mwenye anajitolea dot yeye mwenyewe, na anajiandika ubaya ku mukono, mimi si baba yake. Asiniite papa tena."

Neema akanigeukia. "Auntie," akasema, "tell him." Machozi yalikuwa yanamtoka na hayafuti. "Please. Mwambie."

Hapo ndipo ningeweza kusimama, nikamwuliza dot ni nini, dot gani, imeingiaje hapa. Ningeuliza swali moja tu. Badala yake nilimwambia amwombe baba yake radhi kwanza, mengine yatafuata. Nilifikiri natuliza mambo. Asubuhi yake alibeba begi moja, akaenda kwa shangazi wa rafiki yake, Durban. Fundi alikuwa chumbani kwake, anashona pindo kwa mkono. Aliusikia mlango, na sindano yake haikusimama.

Watu wa kanisani kwake walimwona kama mtu imara. Alikuwa shemasi, na baada ya Neema kuondoka alizidi kuwa shemasi, anawahi, anapanga viti, anakaa mbele. Nyumbani aliacha kuja kwenye jua langu. Mimi nilijiambia ni haki yake, baba ametukanwa. Ndivyo nilivyojidanganya, na nilijidanganya miaka mitatu.

Mwaka wa tatu alikuja msichana pale kibandani na gauni la kupunguzwa. Nilikuwa natazama kutoka kwangu. Fundi akamwambia anyanyue mikono apimwe kifua. Msichana akanyanyua, mikono ya gauni ikateleza, na kwenye kifundo chake nikaona tone jeupe lililozungushiwa mstari, na ndani yake nukta nyeusi. Fundi alikuwa ameshika tepu ya kupimia. Aliiacha ikaning'inia.

"Hii nini?" akamwuliza.

Msichana alitabasamu, kwa sababu alikuwa akimfahamu Fundi siku nyingi na alikuwa anangoja kuulizwa. Jina lake Thandeka. Alisoma na Neema tangu darasa la kwanza. Alijibu kwa Kiingereza, taratibu, akigusa ile nukta kwa kidole. Fundi akaniita. Sikumbuki nilivyofika. Safari hii nilitafsiri neno kwa neno. Nilisema: anasema hii ni dot ya Neema, na yake iko kwa Neema, walichora siku moja, ili wasisahauliane. Dot ni nukta, Fundi. Ni hiki kidoa.

"Nukta," akasema.

"Ndiyo."

"Nukta tu?"

"Nukta tu, Fundi."

Alimalizia kumpima yule binti. Alimpima mara tatu kama kawaida, akaandika. Msichana alipoondoka, akaifunika cherehani kwa kitambaa chake kabla ya saa ya chakula, kitu ambacho sijawahi kukiona, akakaa ameweka mikono juu ya magoti. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Hakunilaumu. Hakunilaumu siku ile wala siku nyingine yoyote, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwa sababu angenitukana ningekuwa na pa kushika.

Kilichobaki kilikuwa ni ule ubaya. Maana yangu hakuiamini tena. Akaniomba twende kwa mama wa vifungo.

Mama wa vifungo alikuwa Mchina, mzee kuliko sisi wote wawili, mwenye duka dogo la zipu, nyuzi na vifungo kando ya Marshalltown. Alizaliwa hapa hapa Johannesburg, na Kiingereza chake kilikuwa cha hapa hapa na zile eish zake zote za mshangao. Fundi alinunua kwake miaka na miaka bila kuzungumza naye zaidi ya rangi na ukubwa. Safari hii akaniambia, "Weye utasikiliza Kiingereza, mimi nitasikiliza weye. Lakini tutapima tena." Kila jibu nililotafsiri alinitaka nimwulize yule mama mara ya pili, nione kama litatoka lile lile.

Yule mama alicheka kwanza. Alisema watu huja kununua zipu, hawaji kuuliza mambo ya babu zake. Kisha akachukua mfuniko wa boksi la vifungo, akaandika nyuma yake maneno mawili ya Kichina. Akatuonyesha kwamba upande wa kushoto wa maneno yote mawili kuna alama ile ile, na maana yake ni kilima. Neno la kwanza, yin, ni ubavu wa kilima usiopata jua. La pili, yang, ni ubavu unaopata. Basi. Huko nyuma kabisa yalikuwa ni maneno ya mtu anayetafuta pa kupanda mboga au pa kujenga. Baadaye wenye elimu wakayatumia kwa kila kitu, baridi na joto, maji na moto, kupumzika na kufanya kazi, mwanamke na mwanamume.

Nikamwuliza, kwa aibu, kuhusu wema na ubaya.

"Hapana," akasema. "Kivuli kina kosa gani?"

Nilitafsiri hata hilo. Fundi hakuniangalia. Aliniambia niulize tena, nikauliza tena, na jibu likatoka lile lile.

Kuhusu mchoro wenyewe, alisema hakuna anayejua kwa hakika nani aliuchora kwanza. Maneno ni ya kale mno, na mchoro ulikuja karne nyingi baadaye. Wasomi walichora maduara ya kila namna mpaka wakafikia haya matone mawili, ambayo Wachina wenyewe huyaita samaki. Baba yake alikuwa akisema kwamba ulitokana na kupima kivuli cha mti uliosimikwa ardhini, siku kwa siku, mwaka mzima, na kukichora kwenye duara. Lakini baba yake, akasema, alisema mambo mengi. Fundi alilipenda hilo la kupima. Akauliza nukta ni za nini. Yule mama akaeleza kwamba kivuli kikifika mwisho wa ukubwa wake, ndani yake jua limeshaanza. Angalia Juni yetu hapa, akasema, baridi yenyewe haijakolea na siku zimeshaanza kurefuka.

Kisha akakumbuka kitu, akacheka peke yake. Kwa Wachina ubavu wa jua ni wa kusini. Babu yake alipofika Johannesburg alitafuta chumba kinachotazama kusini, akakipata, akawaringia wenzake wote, akaganda kipupwe kizima bila kuelewa jua limekwenda wapi. Nilipomtafsiria Fundi alicheka mpaka akashika meza ya duka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu Neema aondoke.

Tulirudi kwa miguu. Kwenye robot taa ikawa ya kijani, akasimama. Ikawa nyekundu, ikawa ya kijani tena.

"Mutoto alijiandika kilima," akasema. "Na alichukua upande ya chumba yangu."

Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba pengine wasichana wale walipiga kura tu nani achukue ipi.

Wiki ile aliishona ile alama. Aliitafutia kitambaa cheusi kizito na kingine cheupe. Niliona alivyokata karatasi moja tu ya kipimo, akakatia cheusi, kisha akaizungusha karatasi ile ile akakatia cheupe. Alinionyesha kwamba hakuna kubwa wala ndogo, ni umbo moja limegeuzwa. Kazi ilikuwa kwenye mshono wa katikati. Pale panapobonyea pa hiki panaingia kichwa cha kile, na nguo haipendi hivyo, inakunjamana. Ilibidi avitie vitambaa vyote viwili michano midogo midogo kwa mkasi ndipo vikubali kulala pamoja. Alifumua mara nne. Akaitundika kibandani juu ya cherehani.

Wazee wa kanisa wakamwita. Walimwambia ni alama ya miungu ya kigeni, shemasi hawezi kukaa chini yake. Yeye aliyemfukuza mtoto kwa alama ile ile akasimama mbele yao akaitetea. "Iko kilima," aliwaambia, na hakuongeza neno. Wakamwambia achague. Kuanzia hapo alikaa viti vya nyuma, karibu na mlango, na viti vya mbele walipanga wengine.

Mtu mwingine angepanda basi la Durban. Fundi hakuweza. Alikuwa na kiburi, na chini ya kiburi alikuwa na woga, na vyote viwili sikuweza kumvua. Alichofanya ni kushona koti. Lilikuwa koti zito la kike, la bitana, kwa vipimo alivyovikumbuka, akikisia mwili umeongezeka wapi. Lilipokwisha akaniambia nimwandikie Neema ujumbe kwa Kiingereza, kwa simu yangu.

"Andika: baridi imeingia, koti yake iko tayari."

"Fundi, mwombe msamaha."

"Andika vile nimesema."

"Sema japo pole."

"Mama Salma. Andika vile nimesema."

Nikaandika alivyosema. Jibu lilikuja siku ya pili. Neema alishukuru, akasema jaketi analo. Fundi alikuwa amesimama mbele yangu ananitazama usoni.

"Amesema nini?"

"Amesema asante," nikamjibu.

La jaketi sikulitaja. Nilimwona uso unavyokunjuka nikashindwa. Kwa hiyo mwaka uliofuata akashona lingine. Na mwaka uliofuata, lingine. Kila mwaka ujumbe ule ule, na kila mwaka mimi nilimpa nusu ya jibu. Makoti matatu yalining'inia nyuma ya mlango wake kwenye chumba kile cha baridi, na yeye mwenyewe alivaa sweta lililotoboka viwiko.

Kiharusi kilimkuta kibandani, mwaka jana, saa nne asubuhi, mkasi mkononi. Kilichukua upande wake wote wa kulia. Nilimpigia Neema kutoka hospitalini. Akauliza kama anajitambua, nikasema anajitambua. Akasema atakuja, aombe ruhusa kazini, atapanda basi la Jumatano. Nilikwenda kumwona Fundi kila siku saa ya wagonjwa kuonwa. Siku za mwanzo alinijua, akanibana mkono kwa mkono wake mzima.

Jumanne hakunijua. Jua lilikuwa linaingia dirishani, nimesimama upande wa mwanga, na nadhani aliona umbo la mwanamke tu. Akanyoosha mkono wa kushoto, akashika kifundo cha mkono wangu, akaanza kukipapasa kwa dole gumba, anatafuta. Nikajua anamtafuta nani.

"Neema," akasema.

Ningemwambia, Fundi, ni mimi, Mama Salma. Basi lilikuwa kesho yake.

"Neema, unisamehe," akasema. Mdomo ulikuwa umepinda upande mmoja, maneno yalitoka mazito, lakini niliyasikia yote. "Papa alisikia mubaya. Papa hakupima. Unisamehe, mutoto wangu."

Miaka yote ile nilikuwa nimembembeleza aliseme neno lile, na sasa alikuwa amelisema, na aliyelengwa hakuwepo. Alikuwa ananingoja. Nilimwona anavyoningoja, jicho moja limelegea, jingine limenikazia. Nikamjibu kwa Kiingereza, kwa sababu Neema angejibu kwa Kiingereza. Nikamwambia, nimekusamehe, Papa, yamekwisha. Akafumba macho. Mkono wake ulibaki pale pale mpaka muuguzi akaja kusema muda umekwisha. Alfajiri ya Jumatano wakanipigia simu.

Neema alifika Alhamisi asubuhi. Amekuwa mwanamke mrefu, amefanana naye mabega. Alikuwa ameshajua, nilimwambia akiwa njiani. Nilimkaribisha chumbani kwangu, nikampa chai, akakaa kwenye kile kiti cha plastiki na hakuvua jaketi. Akaniuliza kama baba yake alisema kitu.

Nilifurahi alipouliza. Ndiyo, ninasema kweli, nilifurahi, kwa sababu nilidhani nina zawadi ya kumpa. Nikamsimulia yote. Nilimwambia alivyoshika mkono, alivyoita jina lake, nikayarudia maneno ya baba yake kwa lafudhi yake, moja baada ya jingine, bila kupunguza wala kuongeza. Alilia, nikalia naye. Kisha akafuta uso.

"Na wewe ulimwambia nini?"

"Nilimwambia umemsamehe. Alikufa na amani, mwanangu."

Akaacha kulia. Aliweka kikombe chini. Aliponisemesha tena alisema kwa Kiswahili, pole pole, akitafuta kila neno kabla ya kulitoa.

"Hiyo ilikuwa ya kwangu, Auntie. Nilikuwa nakuya kumwambia mimi mwenyewe."

Sikumwuliza alikuwa anakuja kumwambia nini, kwamba amemsamehe au kwamba hakumsamehe. Alisimama, akavuka korido akaingia chumba cha baba yake, akafunga mlango. Mpaka leo sijathubutu kumwuliza.